Shule ikipanga Kiingereza, mzazi aulize nini?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na sisi wazazi tulikuwa tumebanana kwenye madawati ya watoto katika shule moja ya umma upande wa Eastlands, jijini Nairobi. Ajenda ya nne ilikuwa na maneno mawili tu: kuimarisha Kiingereza. Mwalimu mkuu alisimama, akafuta miwani, akatueleza kwamba watoto wetu wanaongea Sheng kutwa kucha, kwamba insha zao zinatia aibu, na kwamba dawa imepatikana. Dawa yenyewe ilikuwa kompyuta moja, projekta, spika mbili na vyuma vya kuzuia wezi madirishani. Kila mtoto angeleta Sh500. Kwa vile shule ina watoto 480 kuanzia gredi ya kwanza hadi ya sita, jumla ingekuwa Sh240,000.

Wengi wetu tulikuwa tayari kuinua mikono. Nani hataki mtoto wake aongee Kimombo kikatiririka kama maji? Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye wengi tunamjua kwa kibanda chake cha mboga karibu na steji, akaomba nafasi.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana," akasema. "Lakini kijana wangu yuko gredi ya nne. Juzi nilimpa kitabu cha dadake wa gredi ya pili anisomee, akaniangalia tu. Sasa hiyo mashine itamsomea?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, hilo swali lako ni zito." Ajenda ikaahirishwa, ikaundwa kamati ya watu watano kuandaa mpango mpya na bajeti yake. Nami nikatiwa humo kwa madai kwamba watu wa magazeti wanajua hesabu, jambo ambalo mhariri wangu angelishangaa sana.

Niliyojifunza katika majuma yale ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji, kwa maana najua mikutano kama ule hufanyika kila muhula katika shule nyingi za mijini, na mara nyingi hakuna mama wa mboga wa kuuliza swali.

Kijana huyo si peke yake. Kuanzia mwaka 2009, shirika la Uwezo lilikuwa likituma watu nyumba hadi nyumba kuwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili. Katika ripoti zake za miaka ya kwanza, ni kama watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Yaani saba walikuwa wamepanda darasa bila kubeba walichotakiwa kubeba. Mtoto wa namna hiyo akifika gredi ya nne, mambo humharibikia zaidi, kwa sababu hapo ndipo Kiingereza huacha kuwa somo moja na kuwa mlango wa masomo mengine. Sayansi iko kwa Kiingereza. Hisabati zenye maelezo ziko kwa Kiingereza. Asiyeweza kusoma swali hawezi kulijibu, hata kama jibu analo kichwani.

Ni kweli pia kwamba sera yetu ya lugha imekuwa ikiyumba kama matatu yenye magurudumu mabovu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, shule chache za watoto wa Kihindi jijini Nairobi zilianza kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na utaratibu huo ukaenea kwingine. Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Ulipoanza, walikuwapo walimu waliofunzwa vizuri na vifaa vya kutosha. Ulipopelekwa mbio kote nchini, walimu waliofunzwa hawakutosha na vifaa vikapungua. Mnamo 1976 kamati ya Gachathi ikapendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo. Vijijini hiyo ni lugha ya mama, na mijini ni Kiswahili. Mapendekezo yapo hadi leo kwenye sera, lakini mzazi wa mjini akisikia mwanawe anafundishwa kwa Kiswahili, humhamisha.

Hapa niseme langu. Sioni sababu ya wazazi kuogopa Kiswahili katika madarasa ya chini. Kiswahili husomwa kilivyoandikwa. Mtoto akishajua kwamba b na a ni "ba", amepata ufunguo ambao hautambadilikia kesho. Kiingereza kina visirani vyake, herufi zile zile husomwa hivi hapa na vile pale. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma ni nini, kwa lugha anayoisikia nyumbani na barabarani, huwa na nguvu ya kupambana na visirani hivyo. Kinyume chake ni kumfundisha kusoma na kumfundisha lugha ngeni kwa wakati mmoja, kisha kushangaa akishindwa na vyote viwili.

Tuirudie kamati yetu.

KUPIMA KWANZA

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa kike aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Katika kikao cha kwanza alituambia kalamu ziwekwe chini. "Hatuwezi kupanga bei ya dawa kabla hatujajua ugonjwa," akasema. Aliagiza kila mtoto wa gredi ya tatu na ya nne akae na mwalimu kwa dakika tano hivi, mmoja mmoja, asome kwa sauti kutoka kwenye karatasi moja yenye ngazi nne: herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Ndizo ngazi walizotumia Uwezo, na karatasi yenyewe haigharimu zaidi ya kupiga kopi.

Mtihani wa kawaida hauonyeshi jambo hili. Katika ule mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa maswali 50 ya Kiingereza yenye majibu manne manne ya kuchagua, na insha yake ikasahihishwa kando. Mwenye kubahatisha angeweza kuokota alama kadhaa bila kusoma sentensi moja hadi mwisho. Lakini ukikaa naye ana kwa ana na aya ya mistari minne, hakuna pa kujificha.

Ilichukua siku nne. Karibu nusu ya watoto wa gredi ya nne hawakuipita ile aya. Wachache walikuwa bado kwenye herufi. Kijana wa mama wa mboga alikuwa kwenye maneno: angeweza kusoma "cup" na "goat", lakini ukiyaunganisha maneno manane, yanampotea. Walimu wenyewe walishtuka, kwani wengine wa hao watoto huandika mwandiko mzuri mno wakinakili ubaoni.

Baada ya hapo tuliacha kuzungumza kuhusu Sheng.

BUSIA NA KISUMU

Mmoja wetu katika kamati, kijana anayesoma chuo kikuu, alituletea habari iliyobadilisha mpango wetu. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti kina Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100 za msingi huko Busia na Teso. Shule 25 kati ya hizo zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996, vikiwemo vya Kiingereza, na shirika moja la misaada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Walionufaika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Waliobaki nyuma walibaki pale pale.

Kwa nini? Vitabu vilikuwa sahihi kwa mtaala, lakini vilikuwa vigumu kwa watoto. Kiingereza kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Mtoto alipewa kitabu kizuri, kipya, chenye harufu ya kiwandani, asichoweza kukisoma. Kremer ni mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na majaribio hayo ya magharibi mwa Kenya ni sehemu ya kazi iliyomfikisha huko.

Sitaki msomaji aelewe kwamba vitabu havina faida. La hasha! Baadaye, kati ya 2011 na 2014, kulikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, ambao ndio uliozaa mpango wa Tusome ulioenezwa katika shule za umma kote nchini kuanzia 2015. Humo walilinganisha mambo matatu: kuwafunza walimu pekee, kuwafunza na kumpa kila mtoto kitabu chake, na kuongeza juu ya hayo mwongozo wa mwalimu unaoonyesha hatua za kila somo. Mafunzo pekee hayakufua dafu. Yote matatu kwa pamoja ndiyo yaliyoleta matokeo bora zaidi, na ukilinganisha fedha zilizotumika na faida iliyopatikana, ndiyo yaliyokuwa nafuu. Tofauti na Busia ni kwamba vitabu hivi vilitungwa kwa kiwango cha mtoto anayeanza kusoma, na kulikuwa na mtu wa kumtembelea mwalimu darasani amsaidie kuvitumia.

Na ile projekta ya mwalimu mkuu? Watu wa PRIMR walijaribu pia mitambo huko Kisumu. Shule nyingine walimu walipewa kompyuta ndogo za mkononi, nyingine waliopewa ni maafisa wanaozitembelea shule, nyingine wanafunzi wakapewa vifaa vya kusomea vitabu kwa kioo. Shule hizo zote zilikuwa na mpango uleule wa kusoma. Mitambo haikuongeza jambo kubwa juu ya mpango wenyewe, ilhali gharama iliongezeka, hasa pale kila mtoto alipopewa chake. Iliyogharimu kidogo ni ile ya kumpa kifaa afisa mmoja anayezunguka shule nyingi.

Mwalimu mkuu alisikiliza haya yote kwa makini, kisha akasema polepole kwamba shule jirani tayari ina projekta. Nilimwonea huruma. Mwalimu mkuu naye ana majirani.

HESABU YENYEWE

Kabla ya kuandika tarakimu, ilibidi tujue ni kipi tayari kinalipiwa. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2003, serikali ilitoa Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Sh650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia, zikiwekwa katika akaunti yake peke yake, na Sh370 zilikuwa za matumizi mengine. Ukizigawa zile Sh650 kwa masomo matano yaliyokuwa yakitahiniwa, kila somo lilibaki na Sh130. Ndiyo sababu lengo la wakati huo lilikuwa watoto watatu kwa kitabu kimoja katika madarasa ya chini, na wawili kwa kimoja katika madarasa ya juu. Baadaye jumla ilipandishwa ikawa Sh1,420. Mnamo 2018 utaratibu ukabadilika tena, serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, ikilenga kila mtoto awe na chake.

Kwa hiyo kitabu cha kiada si kazi ya mzazi wala si kazi ya kamati yetu. Mzazi akiona orodha ya vitabu vya Kiingereza vya kiada imeletwa nyumbani na shule ya umma, ana haki ya kuuliza vile vya serikali viko wapi. Pengine vimefungiwa stoo visichakae. Hilo lipo, tena sana.

Pengo tuliloliona ni vitabu vya hadithi. Mtoto hajifunzi kusoma kwa kitabu kimoja cha kiada ambacho amekwisha kukikariri kufikia mwezi wa pili. Anahitaji vingi, vyembamba, rahisi, vya kumchekesha. Tukaamua kila darasa liwe na sanduku lake. Shule ina madarasa 12, mikondo miwili kwa kila gredi, watoto 40 kila darasa. Vitabu 20 kwa kila sanduku ni vitabu 240. Tukikadiria Sh300 kwa kitabu, ni Sh72,000. Halafu ikaja hila ya mwenyekiti: mikondo miwili ya gredi moja isinunue vitabu vinavyofanana. Katikati ya muhula wanabadilishana masanduku, kwa hiyo kila mtoto anaviona 40 kwa bei ya 20.

Kingine ni kwamba vitabu vya gredi ya nne havikuchaguliwa kwa kuangalia jalada lililoandikwa "gredi ya nne". Tulirudi kwenye ile karatasi ya ngazi nne. Sanduku la gredi ya nne likapata nusu ya vitabu vya kiwango cha gredi ya pili na ya tatu. Mzazi mmoja aliona ni kuwadunisha watoto. Tukamkumbusha habari za Busia.

Kuvifunika vitabu kwa plastiki, Sh20 kila kimoja, ni Sh4,800. Masanduku ya chuma yalikuwa ghali, hivyo tukamwendea seremala wa mtaani, akakubali Sh1,000 kwa sanduku la mbao lenye komeo, jumla Sh12,000. Daftari moja la insha kwa kila mtoto, Sh40, ni Sh19,200. Hapo kuna waliotaka daftari zilipiwe na wazazi kama kawaida. Mwalimu wa gredi ya tano akasema wanaokosa daftari ndio hao hao wasioandika, na mjadala ukaisha. Tukatenga Sh7,200 za kununua vitabu 24 badala ya vitakavyopotea au kuraruka, yaani kimoja kati ya kumi. Shule isiyotenga fedha za kupotea huishia kuvifungia vitabu, kwani mwalimu atakayedaiwa kitabu kilichoraruka hatakitoa kamwe. Karatasi za kupimia watoto mara tatu kwa mwaka, Sh1,000.

Kifungu kilicholeta kelele ni Sh15,000 za chai na mandazi.

"Chai ya walimu inaingiaje kwenye Kiingereza?" akauliza baba mmoja tulipoyarudisha kwa wazazi. Swali la haki. Mpango wetu unataka walimu wote wa madarasa ya chini na wa Kiingereza wakutane kila baada ya majuma mawili, saa kumi jioni, mmoja wao awaonyeshe wenzake alivyofundisha somo la kusoma, na wamkosoe. Vikao vitano kwa muhula, mihula mitatu, Sh1,000 kwa kikao. Kuwalipia semina ya hotelini kungekula fedha hizo zote kwa siku moja na mwalimu mmoja. Na mtu aliyefundisha watoto 40 tangu alfajiri, ukimwomba abaki jioni, angalau umpe chai. Baba yule akakubali, ila akataka mandazi yanunuliwe kwa mke wake. Watu wakacheka, mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba bajeti ya shule haina shemeji.

Jumla ikawa Sh131,200. Ukigawa kwa watoto 480, ni kama Sh273 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Kamusi tulizitamani, 30 kwa madarasa ya juu, lakini kwa makadirio ya Sh1,000 kila moja tungehitaji Sh30,000 zaidi. Tukazisogeza hadi mwaka wa pili.

Bei hizi ni makadirio yetu, na msomaji asizipeleke dukani kama amri. Chukua bei kutoka maduka matatu kabla ya kununua, uliza punguzo la shule, na ukumbuke kwamba Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16. Anayeandika bajeti kwa bei isiyo na kodi atajikuta dukani akirudisha vitabu rafuni.

NANI ALIPE?

Hapa lazima tuseme wazi kwa sababu wazazi wengi hutishwa bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya waziri, kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kufukuzwa kwa kushindwa kuyalipa. Sheria hiyo hiyo inakataza masomo ya likizo. Kwa hiyo zile Sh500 za projekta, kama zingetangazwa kuwa lazima, zingekuwa kinyume cha sheria hata kama sote tungepiga makofi.

Njia tuliyochukua ilikuwa ndefu kidogo. Bajeti ilipelekwa kwa bodi ya usimamizi wa shule. Bodi ikakubali daftari, kopi na sehemu ya vitabu viingie kwenye fedha za serikali. Zilizobaki zikaombwa kwa hiari, bila kutaja kiwango na bila orodha ya majina kubandikwa langoni. Kuna aliyetoa Sh1,000, kuna aliyetoa Sh50, na kuna aliyeleta vitabu sita vya hadithi ambavyo watoto wake wameshavipita. Kila senti iliandikiwa risiti. Mweka hazina wetu, fundi wa cherehani, alikataa kupokea pesa mkononi hata za bosi wake.

Jambo jingine ambalo wapangaji wengi husahau ni kwamba fedha za serikali haziji kwa pamoja. Hugawanywa kwa mihula, na mara nyingi huchelewa. Kwa sababu hiyo tuliandika bajeti mara mbili: ya kwanza fedha zote zikija, ya pili zikija nusu. Katika ile ya nusu, masanduku ya gredi ya kwanza hadi ya nne yananunuliwa kwanza, na ya juu yanangoja. Gredi ya sita ina mtihani wa kitaifa wa KPSEA tangu 2022, na walimu wake walilalamika. Lakini mtoto asiyejua kusoma akiwa gredi ya sita alianza kutojua akiwa gredi ya kwanza. Ukitaka kuziba ufa, anzia chini.

Ulikuwapo pia uamuzi usiogharimu hata shilingi, na ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Mwenyekiti aliomba kwa nusu saa kila asubuhi watoto wa gredi ya tatu na ya nne wachanganywe, wapangwe kwa ngazi zao za kusoma, si kwa madarasa yao. Kuna utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, ulioanza 2005, uliofuatilia shule 121 zilizokuwa zimepata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Pale watoto walipogawanywa kwa uwezo, wote walisonga mbele, wenye nguvu na wanyonge, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha kiwango cha walio mbele yake. Wazazi wenye watoto hodari waliogopa. Wazazi wenye watoto wanyonge waliona aibu. Mwalimu mkuu alipitisha kwa muhula mmoja wa majaribio.

Masanduku ya kwanza yalifika juma la tatu la muhula wa pili. Nilikwenda kuyaona. Kijana wa mama wa mboga alikuwa kwenye kundi la maneno, ameketi na watoto wawili wadogo wa gredi ya tatu, na hakuonekana kuudhika. Mwishoni mwa muhula alipimwa tena. Bado hajaifikia hadithi, lakini aya ameipita. Mama yake aliniambia kibandani, huku akinifungia sukuma, kwamba siku hizi humsomea majina yaliyoandikwa kwenye matatu, akidhani yote ni Kiingereza.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawa kote. Katikati ya muhula mwalimu mkuu alikwenda semina ya siku kumi, na funguo za masanduku yote zilikuwa mfukoni mwake. Vitabu vikakaa ndani siku kumi. Kikao cha dharura kiliamua kila darasa lichague mtoto wa kukaa na ufunguo, na mwingine wa pili ubaki kwa mwalimu wa darasa. Funguo 12 zilichongwa na fundi wa karibu na soko kwa Sh100 kila mmoja. Hizo Sh1,200 hazikuwa kwenye bajeti. Tulizitoa kwenye chai.